Theluji Yangu na Daftari la Bi Kudo

Jumanne, Februari 3

Siku mbaya. Imeanza vizuri, ndiyo maana inaniuma.

Baada ya mazoezi Bwana Kamada, meneja wa timu yetu ya mpira wa kikapu, kaniita ofisini. Kanimiminia chai kwa mkono wake. Hapa Kamisawa meneja akikumiminia chai mwenyewe, ujue kuna jambo. Kasema msimu ujao nafasi za wachezaji wa kigeni ni tatu na zote zina wenyewe. Ya kwanza ni ya Trevion. Kanikumbusha kwamba nina miaka thelathini na saba. Kana kwamba magoti hayanikumbushi kila nikipanda ngazi!

Ila mlango mmoja uko wazi. Maombi yangu ya uraia. Nikiwa raia sihesabiwi tena mgeni, nacheza kama mwenyeji yeyote, na wenyeji wa mita mbili na sentimita sita hawaokotwi njiani. Afisa wa uraia anakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Ataikagua nyumba, kisha atawauliza majirani kama naishi nao vizuri. Kamada kasema, majirani wakikusifu, mzee, unabaki. Wakikuponda, nakukatia tiketi.

Kwetu Macon, jimbo la Georgia, shemeji yangu ananisubiri kwenye duka lake la matairi. Ameshashona shati lenye jina langu kifuani. Sitaki. Nina miaka minane nchi hii, mitano mtaa huu. Naupenda ukumbi wetu mdogo na watu wake wanaogonga vibao vya kushangilia mpaka masikio yazibe. Nalipenda bwawa la maji moto, ambako wazee hunisukuma kwa viwiko wapate nafasi. Sitaki kuuza matairi!

Jioni, sherehe ya maharage kwenye ukumbi wa mtaa. Zimwi linaingia, watoto wanalirushia maharage ya soya, wanapiga kelele zimwi nje, baraka ndani. Miaka minne mfululizo zimwi nilikuwa mimi. Nina pembe zangu kabisa. Leo Bi Kudo, balozi wetu, kampa Trevion pembe! Trevion Askew, kijana wa miaka ishirini na nne, kafika Septemba tu, Mmarekani kama mimi, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mimi kanikalisha ndani na watu wa mtaa, kanipa kibakuli nirushe maharage kama wengine. Mwishoni Trevion kalishwa keki za mchele. Mimi nimekabidhiwa ufagio.

Nimeshushwa cheo. Na afisa anakuja wiki ijayo.

Jumatano, Februari 4

Nimewaza. Mtaa una nyumba kumi, lakini afisa atamuuliza balozi wa nyumba kumi. Kwa hiyo majirani wote ni mtu mmoja, Bi Kudo. Mjane, miaka sabini na minne, utosi wake unanifika kitovuni. Mtaa mzima unamwogopa.

Na Bi Kudo ana daftari. Jalada la kijani, kalamu imefungwa kwa uzi. Ukikosea linafunguliwa. Nililiona mwaka juzi, siku aliponikuta na ubao wa matangazo, ule unaopitishwa nyumba hadi nyumba. Ulikuwa chini ya kochi langu siku kumi na moja. Ukurasa mzima ulikuwa na jina langu.

Kuwa mwema kwa siku nane hakutoshi kufuta miaka mitano. Njia fupi ni mwingine aonekane mbaya kuliko mimi. Nimemfuata Trevion, nimemwambia kwa upole kwamba kesho ni siku ya chupa. Kesho ni siku ya taka za kuchoma. Kanishukuru sana. Kasema, asante anko, bila wewe ningepotea huku.

Anko! Subiri kesho.

Alhamisi, Februari 5

Saa moja na nusu asubuhi niko dirishani na kahawa yangu. Trevion katoka na mfuko wa chupa, anapiga mluzi. Kauweka kwenye kituo cha taka. Bi Kudo katoka kukagua mifuko kama kawaida yake. Nikafungua dirisha kidogo nisikose neno.

Kacheka! Miaka mitano sijawahi kuyaona meno yake. Kamshika kijana mkono, kamwambia, mwanangu, leo ni taka za kuchoma, chupa ni Jumatatu, kwani hukuambiwa? Trevion kasema kaambiwa na anko. Bi Kudo kageuka, kalitazama dirisha langu. Nikainama haraka, nikajigonga paji la uso kwenye jiko la mafuta.

Halafu kamwingiza ndani. Saa nzima! Kijana katoka na bakuli la figili zake za moshi, zile anazozitundika juu ya kuni vuli yote kabla ya kuzitia kwenye mapipa. Mtaa mzima huziota. Mimi hupewa kipande kimoja, cha mwisho, cha mkiani.

Kwa kushangaa yote hayo nikasahau mfuko wangu mwenyewe. Gari la taka likapita. Nimelikimbiza na kandambili juu ya barafu mpaka kwenye kona ya duka la pombe, mfuko mkononi, naita kama mwendawazimu. Halikusimama. Daftari limefunguliwa palepale barabarani.

Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sawa. Lakini hawakusema ataingia na kandambili.

Jumamosi, Februari 7

Mechi nyumbani. Tumeshinda. Trevion pointi ishirini na saba. Mimi dakika sita, pointi mbili, faulo nne.

Bi Kudo safu ya pili, vibao mkononi. Trevion akikosa, anamwambia pole mwanangu, hamna shida, lete nyingine! Mimi nikikosa, anasimama. Lamont! Kunja magoti! Wenzako wanaruka wewe unasoma gazeti? Ukumbi mzima umesikia. Mwamuzi kacheka mpaka filimbi ikamtoka mdomoni.

Baada ya mechi kanisubiri mlangoni, kwenye baridi, kunieleza kwamba natupa mipira ya adhabu kama bibi anayemwaga maji ya mchele. Kisha kanipa mfuko wa plasta za dawa za magoti. Zilikuwa za marehemu mumewe, kasema, bora nizitumie mimi zisije zikaharibika. Nimezibandika. Zinasaidia kweli. Lakini hoja si hiyo. Hoja ni kwamba mama huyu hanipendi, na zimebaki siku tano.

Jumapili, Februari 8

Mpango mpya: zawadi. Nimenunua kaa mzima wa baharini, mkubwa kuliko sinia, nimempelekea Bi Kudo nikiwa na tai shingoni. Nilisahau kwamba huku zawadi hailali bila kujibiwa. Haikupita saa, kaja na mfuko wa mchele. Nisionekane bahili, nikapeleka boksi la matofaa. Kaja na shali ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Nikapeleka keki. Saa kumi na moja jioni kagonga tena, blanketi begani, anahema. Kasema, Lamont, nakuomba, tuishie hapa, mgongo hauko sawa.

Tumekubaliana sare. Lakini kaa alikuwa mzuri jamani. Kaa yule hasahauliki.

Jumanne, Februari 10

Nimeamka theluji imenifika kiunoni. Kiunoni kwangu mimi! Bi Kudo angezama. Nikajua hii ndiyo nafasi.

Mtaa wetu una mtaro wa theluji chini ya barabara. Maji ya mto hufunguliwa kwa zamu, mtaa baada ya mtaa, na zamu yetu ni saa kumi hadi saa kumi na moja alasiri. Maji yakifika unainua kifuniko mbele ya nyumba yako, unamwaga theluji kidogo kidogo, maji yanaichukua. Kila mtoto analijua hilo. Lakini saa kumi watu wote wako nje, kila mtu na beleshi lake. Nani ataniona mimi? Basi, nikaona nianze saa saba mchana. Bi Kudo yuko kliniki ya macho, wengine wanakula au wako kazini. Nisafishe nyumba zote kumi peke yangu. Wakirudi waikute lami. Waulizane, ni malaika gani huyu?

Nimefanya! Saa mbili nzima, mvuke unanitoka kichwani kama sufuria. Theluji ya nyumba kumi nimeimwaga yote mtaroni. Maji yalikuwa haba, theluji haishuki, nikaingia mwenyewe nikaishindilia kwa mabuti. Saa tisa barabara inang'aa. Nimerudi ndani, nimejilaza na tabasamu langu.

Nimeamshwa na makelele. Saa kumi maji yamekuja kwa kasi yake, yamekuta theluji yangu imekuwa gogo kwenye kona, yamekosa njia, yamepanda. Na kwenye kona kuna nini? Ghala la Bi Kudo. Nimetoka mbio bila kofia. Mapipa ya figili yanaelea! Bi Kudo kasimama katikati ya maji, yamemfika magotini, nikadhani analia. Wapi! Anahesabu mapipa. Trevion, na kaptula yake ya mazoezi, anayabeba mawili mawili begani, na mtaa mzima unampigia makofi. Mimi nimesimama na beleshi. Hakuna aliyeuliza habari za malaika.

Bi Kudo kanitazama mimi, katazama beleshi, katazama lami safi mbele ya nyumba kumi. Kaingia ndani, katoka na daftari. Ukurasa mmoja na nusu. Kalamba kidole kugeuza.

Jumatano, Februari 11

Nimekwenda kuomba radhi. Suti, boksi la peremende, na kuinama mpaka chini. Wakati wa kuinuka nikapiga kisogo kwenye kizingiti cha juu, vumbi la dari likamwangukia. Kalipangusa. Kasema msamaha umepokelewa, pipa moja limepasuka, mengine yamepona. Kisha kanipa brashi na ndoo. Ghala lisuguliwe na kukauka kabla ya saa sita kesho.

Kesho! Siku ya afisa!

Nimejishusha kabisa. Nimemwambia, mama, kesho naomba usimwonyeshe mgeni daftari. Kanishangaa. Kasema daftari si la kwake, ni la mtaa, yeye analishika tu. Akiulizwa atalitoa.

Nimesugua mpaka jioni. Mgongo hauna mfupa mzima. Katikati ya kazi Trevion kapita na kikombe cha chai aliyopewa na Bi Kudo, kauliza kama nahitaji msaada. Bi Kudo kamfokea kutoka jikoni aniache, hiyo ni kazi ya Lamont. Kwa Trevion hata kufoka kwake kuna huruma. Nimejiona niko kwenye duka la shemeji, nimevaa shati, nazungusha tairi. Nilitaka kulia, nikasugua.

Alhamisi, Februari 12

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi namalizia ghala. Juu ya rafu, karibu na mizani, nimeliona daftari! Kalisahau pale. Nimelifungua. Lamont, ubao wa matangazo, siku kumi na moja. Lamont, chupa pamoja na vifuniko vyake. Lamont, kaimba bafuni mtaa umelala. Lamont, soksi kwenye waya wa jirani. Kurasa na kurasa! Hakuna mtu atakayempa uraia mtu wa humu. Nikalitumbukiza kwenye pipa tupu, nikafunika, nikaendelea kusugua napiga mluzi.

Saa tano kafika afisa. Bi Mikami, mwanamke mwembamba, buti nzito, sauti ndogo. Kwangu hakukaa sana. Kafungua friji. Kauliza shali ile nimeitoa wapi. Kauliza kama nasikia baridi. Kisha kaenda kwa Bi Kudo, na mimi nikarudi ghalani mbio, sikio ukutani. Ukuta wenyewe ni mbao tupu.

Bi Mikami kauliza, je, huyu Bwana Tuggle anafuata taratibu za mtaa? Bi Kudo kajibu bila kumeza mate: hafuati.

Nikakaa chini.

Kasema ngoja nikuletee daftari ujionee. Nikasikia droo zinavutwa, kabati, mito inageuzwa. Limekwenda wapi jamani, hapa nyumbani hapapotei kitu! Nikashangilia kimya kimya, ngumi juu. Haikupita dakika. Trevion kaja kurudisha mapipa mahali pake. Kanisalimu, anko, kanyanyua lile tupu, ndani kitu kikagonga. Kafungua. Nikampungia mikono yote miwili, nikatikisa kichwa, nikamwonyesha meno. Yeye kaona namhimiza afanye upesi. Kalichukua kwa heshima, kaingia nalo sebuleni, kainama: Bibi, limepatikana, lilikuwa ndani ya pipa!

Bi Kudo kasema, ndani ya pipa. Basi.

Kasoma robo saa. Hakuruka hata soksi. Theluji ya juzi kaisoma yote, ukurasa mmoja na nusu, na mwisho kaongeza la leo la pipa bila hata kuandika. Kalamu ya Bi Mikami inakwaruza tu. Halafu kauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuaga, kwa hiyo mama usingependa awe raia na kubaki hapa?

Bi Kudo kamjia juu, kwa ukali uleule wa safu ya pili. Nani kasema? Mtazame kijana huyu, kasema, na nadhani alikuwa anamwonyesha Trevion. Wiki iliyopita kaweka chupa siku ya taka za kuchoma. Humu yumo? Hayumo. Mgeni haandikwi. Mgeni unamlisha, unacheka naye, siku yake ikifika unampungia mkono. Beleshi humpi. Wa kumwandika ni yule unayejua kesho yupo, na kesho kutwa yupo, na utakutana naye mtaroni.

Kisha karatasi zikageuzwa, nyingi, mpaka nyuma ya daftari. Kasema, hizi ni zamu za kufungua mtaro, niliziandika mwaka juzi. Mwaka huu, mwakani, na miaka mitatu ya mbele. Nyumba kumi, majina kumi. Lisome la saba. Na mwaka wa nne zamu ya ubalozi ni yake. Miungu itusaidie, lakini ni yake, na mimi nitakuwa nimechoka.

Bi Mikami kaomba ruhusa anakili ukurasa mmoja. Nikangoja nisikie ni upi. Ule wa zamu.

Mimi ghalani nimekaa juu ya ndoo nimelia. Naandika ukweli, hapa hasomi mtu. Nimelia mpaka kamasi. Jina langu lilikuwa mle miaka mitatu ya mbele, na aliliandika kabla sijapeleka maombi popote.

Saa kumi. Nimeoga, nimekula, nimetulia. Nimelipima jambo lote upya, kwa akili, na nimeelewa kilichoniokoa.

Ni kaa.

Jumatano, Desemba 9

Raia tangu Oktoba! Kamada kanimiminia chai, safari hii ya furaha. Kocha ananipa dakika kumi na mbili kila mechi. Shemeji kasema nisijali, kampata fundi mwingine, naye kalivaa shati langu hivyohivyo, wateja wanamwita Lamont.

Trevion kaenda kucheza Uhispania. Mtaa mzima umemsindikiza stesheni, maboksi ya zawadi mpaka kondakta kalalamika. Kanikumbatia, anko, kasema, nitakukumbuka. Bi Kudo kalia kwa leso mbili. Na mimi? Tangu niwe raia sijapewa hata tofaa! Nimepewa ufunguo wa maji ya mtaro, zamu ya kufyeka majani, na kukagua mifuko kila Jumatatu. Watu wa huku, kuwaelewa ni kazi.

Theluji ya kwanza imeanguka leo. Zamu yetu ni ileile, saa kumi. Lakini jioni nina mechi, na saa kumi nataka niwe nimelala. Sasa ni saa saba mchana. Nimewaza. Mwezi wa pili kosa halikuwa saa. Kosa lilikuwa wingi! Nyumba kumi ni nyingi, mtu yeyote anaona. Nyumba moja tu, mabeleshi ishirini, nani atajua? Na ufunguo ninao mwenyewe.

Nimetoka. Nimefungua. Nimemwaga, nimefunga. Hakuna tone lililopanda. Nimerudi dirishani kuandika haya na kahawa yangu. Akili ni mali.

Pazia la jikoni kwa Bi Kudo limesogea. Namwona vizuri kutoka hapa, jalada la kijani mkononi. Analamba kidole.